Gogo la Tangi la Samaki: Usinunue, Liko Korongoni

Baadhi ya maduka ya samaki wa mapambo huuza vipande vya miti vya kupambia tangi, vilivyoagizwa kutoka nje ya nchi, kwa bei ambayo mtu anayeishi Dodoma hana sababu ya kuilipa. Huku kwetu miti ni migumu, na mito mingi ni makorongo ya mchanga yanayofurika kwa muda mfupi kisha yanakauka. Mvua za Desemba hadi Aprili zinang'oa visiki, maji yanavisugua kwenye mchanga na kuvitupa kwenye kona, halafu jua la kiangazi linamalizia. Ikifika Agosti, kazi yako ni kutembea na msumeno mdogo na gunia.

Kosa ninaloliona kwa wengi ni kuchagua kwa umbo. Mimi umbo nalitazama mwisho. Kwanza naangalia mchwa wamefanya nini: mti uliolala chini Dodoma tangu masika na mchwa hawajautafuna, huo una kiini kigumu. Kisha nauinua nipime uzito, halafu naubonyeza kwa ukucha. Ukucha ukizama, nauacha hapohapo, hata uwe na matawi ya kupendeza vipi. Ndiyo maana mbuyu sihangaiki nao. Ni nyuzinyuzi zilizojaa maji, na ndani ya tangi utaoza na kuchafua kila kitu.

Ninaoutafuta ni mkwaju, mgunga, na nikibahatika, mpingo. Kiini cha mpingo ni kizito kuliko maji, kwa hiyo kinazama siku ileile bila kufungwa jiwe. Ila vumbi lake linawasha, basi ukiukata jifunge kitambaa puani. Mabaki ya wachonga vinyago nayo yanafaa, lakini kwangua kwanza kwa kisu. Wapo wanaopaka kiwi ya viatu kwenye mti mweupe ili uonekane mpingo, na kiwi haina nafasi kwenye maji ya samaki.

Kuna miti ya kukimbia kabisa. Mnyaa, huu tunaozungushia nyua na mazizi, una utomvu mweupe unaounguza macho ya mtu na umetumika kulevya samaki tangu zamani. Mwarobaini una sumu inayoua wadudu, sasa fikiria uduvi na samaki wadogo waliofungiwa nao kwenye lita chache za maji. Msindano una ulimbo, mkaratusi una mafuta. Usipoutambua mti kwa sababu gome limeshatoka, muulize mchoma mkaa. Hao wanaujua mti kwa harufu na kwa uzito.

Watu wa mjini hupenda kwenda Mtera, na kweli miti iliyokufa ipo tele, kwa sababu bwawa lile lilipojazwa maji ya Ruaha Mkuu ili kuendesha mitambo ya umeme ya Kidatu, miti ilizamishwa ikiwa imesimama. Lakini Mtera ina mamba na viboko. Okota kilichotupwa ufukweni, mbali na maji, na uende na mwenyeji. Maji yaliyotuama yanaweza pia kuwa na kichocho, kwa hiyo buti za mpira si mapambo. Vipande vya kandokando ya kinamasi cha Bahi mimi siviokoti, ardhi ya kule ina chumvi na mti mkavu huinyonya. Na popote uendapo, anza kwa mwenyekiti wa kijiji. Ndani ya hifadhi usiguse hata kijiti. Mazao ya misitu yana sheria yake na vibali vyake.

Nyumbani sasa. Bandua gome lote, chonga sehemu laini mpaka ufike kwenye kiini, sugua kwa brashi ngumu na maji matupu. Sabuni hapana, dawa ya kung'arisha nguo hapana, maana mti hunyonya na utakuja kuvitema ndani ya tangi. Kipande kinachoingia kwenye sufuria kichemshe saa moja hadi mbili, umwage maji, urudie. Usichemshe kutwa nzima ukidhani ndiyo usafi, mti nao hulainika. Gogo kubwa liweke kwenye pipa la plastiki ambalo halijawahi kubeba dawa ya shamba wala mafuta, ulikandamize kwa jiwe, ubadilishe maji kila baada ya siku mbili tatu. Hii ni kazi ya wiki kadhaa, na Dodoma maji yana mgawo, kwa hiyo yale ya kumwaga peleka kwenye miti ya uani.

Maji yatageuka rangi ya chai. Hiyo ni tanini, haidhuru samaki. Mahali penye maji laini tanini hushusha pH, yaani huyafanya maji yawe na uchachu zaidi, lakini maji mengi ya visima vya Dodoma ni magumu, sabuni yenyewe inakataa kutoa povu, na ugumu huo huzuia pH isiyumbe kirahisi. Hata samaki wa maziwa ya Tanganyika na Nyasa, wanaopenda maji magumu, kipande kimoja kilicholowekwa vizuri hakiwasumbui. Rangi ikikukera, badilisha maji kidogokidogo au weka mkaa wa kuchujia.

Lisilozama lifunge kwenye bapa la jiwe kwa mshipi wa kuvulia. Granaiti tumejaaliwa, waponda kokoto watakupa kipande. Jiwe usilolijua lidondoshee siki. Likitoa mapovu lina chokaa, na maji yetu hayahitaji chokaa zaidi.

Siku za mwanzo gogo litaota utando mweupe kama ute. Wageni wa kazi hii hupiga simu usiku wakidhani samaki watakufa. Utando huo unakula sukari iliyobaki kwenye mti na huisha wenyewe, na konokono wanaufurahia. Ukikuchukiza, toa gogo usugue, urudishe.

Baada ya hapo, kila unapobadilisha maji libonyeze kwa kidole. Panapobonyea au kunuka yai viza, litoe, kata mpaka kwenye kiini kigumu, uliloweke upya siku chache kabla ya kulirudisha.