Maswali ya Kikapu: Memphis ya Hasheem, msimu wa 2009/10

*Kocha, shikamoo. Hapa kijiweni kuna jamaa anashikilia kwamba Hasheem Thabeet, Mtanzania wetu wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, alibaniwa tu kule Memphis. Mwingine anasema hakuwa na kiwango. Tumebishana mpaka kahawa imepoa. Hebu tutajie msimu wake wa kwanza timu ilikuwa na nani na nani.*
— Mnywa kahawa, Barabara ya 12, Ngamiani

Marahaba. Bora umeulizia kikosi. Hapa Tanga Hasheem anazungumzwa kana kwamba alikuwa anacheza peke yake uwanjani. Halafu wanaobisha sana ndio ambao hawakuona hata mechi moja. Memphis Grizzlies wakicheza kwao saa 1 jioni, huku kwetu ni saa 10 alfajiri, na enzi zile mwenye dishi mtaani alikuwa wa kuhesabika. Tulichokuwa tunakipata ni namba tu.

Kocha alikuwa Lionel Hollins. Walioanza: Mike Conley anapandisha mpira, O.J. Mayo gadi wa pili, Rudy Gay fowadi, na chini ya kikapu Zach Randolph na Mhispania Marc Gasol. Watano hao ndio waliokuwa timu yenyewe. Mayo alicheza mechi zote 82, Randolph 81, Conley na Gay 80 kila mmoja. Kocha akipata bahati ya namna hiyo, benchi linasahaulika. Na benchi lenyewe lilikuwa la vijana: Sam Young na DeMarre Carroll, walioingia ligi mwaka mmoja na Hasheem, Darrell Arthur, Marcus Williams, na Hamed Haddadi, Mwirani wa kwanza kucheza NBA. Jamaal Tinsley alikuja msimu ukiwa umeshaanza.

Sasa tazama tarehe, maana kesi yenu iko hapo. Hasheem alichaguliwa na Memphis Juni 25, 2009, usiku ambao timu za NBA ziligawana wachezaji wapya kwa zamu, wa pili kwa wote. Siku hiyo Randolph alikuwa bado mali ya Los Angeles Clippers. Memphis walikuwa wanaachana na senta wao, Darko Milicic, ambaye naye mwaka 2003 alichaguliwa wa pili (nafasi hiyo ina mambo yake!). Kwa hiyo siku ile hesabu ilikuwa nzuri: Gasol na kijana wa Dar es Salaam, warefu wawili, mmoja wa kufunga na mmoja wa kuzuia. Julai Memphis wakampeleka Quentin Richardson Clippers, wakamchukua Randolph. Hesabu ikavurugika hapo hapo.

Randolph msimu ule alifunga wastani wa pointi 20.8 na kuokota ribaundi (mipira iliyokosa kikapu) 11.7, akaitwa timu ya nyota kwa mara ya kwanza maishani mwake. Gasol alikuwa na 14.6 na 9.3. Wewe ungekuwa Hollins ungemtoa nani hapo? Timu iliyotoka kushinda mechi 24 msimu uliopita ilifikisha 40.

Hasheem alipata dakika 13 kwa mechi. Pointi 3.1, ribaundi 3.6, bloku (mitupo aliyoizuia) 1.3. Watu wanaziona pointi wanacheka, lakini bloku moja na ushei katika dakika 13 si kazi ya mtu asiye na kiwango. Februari 2010 walimshusha Dakota Wizards, ligi ya kukuzia vipaji, na mpaka wakati ule hakuna aliyewahi kuchaguliwa juu kiasi kile akapelekwa huko. Magazeti yaliandika sana habari hiyo. Hayakuandika sana kwamba alirudishwa, na kwamba Gasol alipoumia mwishoni mwa msimu, nafasi ya kuanza alipewa yeye. Gasol alicheza mechi 69. Hasheem alianza 13. Jumlisha mwenyewe.

Kwa hiyo huyo wa kubaniwa mwambie alipe kahawa. Na huyo wa kiwango alipe kashata.

Kilichobaki kinauma kidogo. Februari 2011 Hasheem na Carroll walipelekwa Houston, Memphis wakampata Shane Battier. Miezi miwili baadaye Memphis, walioingia mtoano wakiwa wa 8, waliwatoa San Antonio Spurs waliokuwa wa kwanza. Ile mechi ya mwanzo pale San Antonio, pointi tatu iliyowapa uongozi sekunde za mwisho aliitia nani? Battier.

*Kocha, hivi Memphis walikuwa na akili gani kumwacha Stephen Curry?*
— Kijana wa Makorora

Swali hili naletewa kila mwezi, na mara zote na mtu aliyevaa jezi ya Golden State, timu ya Curry. Curry alichaguliwa usiku ule ule wa Hasheem, wa 7. Waliompita si Memphis peke yao: Clippers walimchukua Blake Griffin, Oklahoma City wakamchukua James Harden, Sacramento wakamchukua Tyreke Evans, na Minnesota walichagua magadi wawili mfululizo, Ricky Rubio na Jonny Flynn, wakamwacha Curry akipita mbele ya macho yao. Minnesota ndio wa kuulizwa. Memphis walikuwa na Conley na Mayo tayari, wote vijana. Na huyo Griffin wa kwanza, msimu wa 2009/10 hakucheza hata mechi moja, goti lilimvunjikia mapema. Mchezaji bora chipukizi alikuwa Evans. Ungeuliza mwaka ule, jina la kwanza lisingekuwa la Curry.

*Shikamoo kocha. Mwanangu ana miaka 16, mrefu mno, ameanza kikapu mwaka jana. Kila mechi anatolewa kwa faulo kabla haijaisha. Wenzake wanamwita Hasheem, sijui ni sifa au ni kejeli. Nimwache aendelee?*
— Mama wa mrefu, Chumbageni

Marahaba mama, na mwache tu. Hasheem mwenyewe alianza akiwa na miaka kama 15. Akapita shule ya Makongo, akaenda Marekani, na pale Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa anazuia mitupo zaidi ya minne kwa mechi. Kuchelewa kuanza si kosa, ila kunadai deni, na deni lenyewe ni hizo faulo.

Mrefu aliyechelewa anacheza kwa mikono. Mpira ukiwa hewani yeye anatazama juu, anasubiri, kisha anaunyakua juu ya bega la mtu. Filimbi. Faulo 5, nje. Februari 2009 Hasheem, futi 7 na inchi 3, alisumbuliwa vibaya pale Hartford na DeJuan Blair wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, aliyemfika mabegani kwa shida. Randolph naye alikuwa haruki, kiatu chake hakikuachana sana na mbao. Ila mtupo ukitoka mkononi mwa mtu, Randolph haangalii mpira kwanza. Anamtafuta adui kwa makalio, anakaa kama anayekalia kigoda, anamsukuma hatua moja nje, ndipo anainua macho. Mpira ukidunda kwenye ringi, aliyebaki karibu ni yeye peke yake.

Mlete jioni uwanjani. Wiki za mwanzo mpira hataugusa. Nitamsimamisha chini ya ringi na mmoja wa vijana wangu wafupi, wale wabishi, na kazi yake itakuwa kumweka huyo mfupi mgongoni bila kunyoosha mkono. Atachukia. Viatu mpatie vyenye soli nzima, saruji yetu haina huruma na magoti. Na hilo jina la Hasheem mwambie alipokee. Hakuna Mtanzania mwingine aliyewahi kuitwa wa pili katika usiku wa kuchagua wachezaji wa NBA.

*Nimesikia Allen Iverson naye alikuwa Memphis msimu huo huo. Kweli au porojo?*
— Shabiki wa zamani, Raskazone

Kweli kabisa. Alisaini Septemba 2009, akacheza mechi 3 mwanzoni mwa Novemba, zote ugenini California na zote akitokea benchi. Kutokea benchi hakukumfurahisha na alilisema wazi. Mwezi haujaisha mkataba ukavunjwa, Desemba akarudi Philadelphia. Mashabiki wa Memphis walionunua tiketi za nyumbani kwa ajili yake hawakumwona.