Swali la lugha: Ishara za mwanga huingiliana au huathiriana?

Swali: Mimi ni fundi wa kuunga faiba, yaani nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga wa mawasiliano, hapa Dar es Salaam, na ninaandaa somo la Kiswahili kwa vijana ninaowafundisha kazi. Nimeandika kwamba ishara mbili za mwanga zinazosafiri katika faiba moja "zinaingiliana na kuharibiana polaraizesheni". Mwenzangu anasema "zinaingiliana" halifai. Je, ni kweli?

Jibu: Mwenzako yuko sahihi. Wapo wanaolikwepa neno hilo kwa sababu ya maana yake ya kimwili, lakini sababu yenye uzito iko katika mwanga wenyewe. Mawimbi yanapoingiliana, hukutana mahali pamoja, mitetemo yake ikajumlishana au kufutana, kisha kila wimbi likaendelea na safari yake bila kubadilika. Ukiwasha tochi mbili gizani na kuikutanisha mionzi yake, kila mwonzi hutokea upande wa pili kama ulivyoingia. Hapo "kuingiliana" linatosha, hata "kupishana".

Ndani ya faiba mambo ni mengine. Mwaka 1875 mwanafizikia wa Uskoti John Kerr alionyesha kwamba nguvu ya umeme hubadilisha jinsi kioo kinavyoupitisha mwanga, na mwanga wenyewe, kwa kuwa una uga wa umeme (eneo la nguvu hiyo), hufanya vivyo hivyo kwa kiasi kidogo sana. Ishara ya kwanza hukibadilisha kioo, kioo kikaibadilisha ishara ya pili, na ya pili nayo ikafanya hivyo hivyo kwa ya kwanza. Kiambishi -an- kinadai hasa hali hiyo, yaani kila mmoja awe mtenda na mtendwa. Kwa hiyo andika "zinaathiriana". Nomino yake iwe "kuathiriana kwa ishara", ambayo msomaji huielewa bila kufafanuliwa.

"Polaraizesheni" libaki, ila ulieleze mara ya kwanza kuwa ni mkao wa mtetemo wa mwanga. Sipendi "mwelekeo", kwa kuwa kijana atadhani unazungumzia upande ambao mwanga unakwenda, wala "mgawanyiko", ambalo ni la siasa. Usahihi huu una maana kazini: ishara mbili zenye mitetemo iliyonyooka, zikiwa na mkao mmoja, hubadilishiana fezi, yaani hatua ambayo wimbi limefikia katika mtetemo wake, mara 3 zaidi kuliko zikiwa na mikao inayokatana kwa pembe mraba.

Ukihitaji pia neno "mkongo", litumie kwa kebo nzima, kama katika Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Kioo kimoja chembamba kiite uzi au faiba.

Limebaki "kuharibiana". Umbo lake ni zuri, kwani -i- na -an- zikikaa pamoja huonyesha kwamba kila mmoja anagusa kitu cha mwenziwe, lakini mzizi wake unazidisha, maana mkao hauharibiki, hugeuka. Ningeandika hivi: "Ishara mbili za mwanga zinazosafiri katika uzi mmoja huathiriana kupitia kioo, na huweza kugeuziana mkao wa mitetemo yake."