Kemia kidato cha kwanza: chagua kitu kimoja, kifuate mpaka mwisho

Kila mwaka nakutana na wanafunzi wa tuisheni waliokwisha kuikariri mada ya maada. Wanajua kwamba maada ni chochote chenye tungamo na kinachochukua nafasi. Hali zake tatu wanazitaja bila kupumua. Mifano wanayo: barafu kuyeyuka ni badiliko la kiumbo, karatasi kuungua ni la kikemia, chuma kushika kutu ni la kikemia. Ukiwauliza kitu kisichokuwemo kwenye daftari, tuseme sukari inayogeuka kahawia kwenye sufuria, wanaanza kutazamana.

Mimi nawashauri waiache hiyo orodha. Chagua kitu kimoja unachoweza kukishika, kisha kipitishe kwenye mada nzima: kimetengenezwa na nini, kina sifa gani, kinabadilikaje. Mimi hutumia chokaa. Inapatikana kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi kwa bei ndogo, na ukiifuata vizuri hakuna kona ya mada hii ambayo hutapita.

Anza na inakotoka. Mawe ya matumbawe ya Unguja, mawe ya chokaa ya Amboni kule Tanga, makombe ya chaza, hata ganda la yai ulilotupa asubuhi, vyote kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kabonati. Nasema kwa sehemu kubwa kwa sababu jiwe la porini lina mchanga na udongo ndani yake, kwa hiyo jiwe lenyewe ni mchanganyiko. Kalsiamu kabonati iliyomo ndani yake ndiyo kampaundi, yaani dutu moja iliyoundwa na elementi zilizoungana kikemia.

Hapa nakuomba ukae kidogo, maana ndipo wengi wanapopotea. Katika gramu 100 za kalsiamu kabonati safi mna gramu 40 za kalsiamu, gramu 12 za kaboni na gramu 48 za oksijeni. Kalsiamu ikiwa peke yake ni metali yenye rangi ya fedha, inayotoa mapovu ukiitia majini. Kaboni unaijua kwenye mkaa. Oksijeni ni gesi unayoivuta sasa hivi. Haya, chukua ganda la yai ulitafute hilo fedha, huo weusi na hiyo gesi. Lisage, lichekeche, lipitishie sumaku, lichuje kwa maji. Hupati kitu. Elementi zikiungana kuwa kampaundi huacha sifa zake, na huwezi kuzitenganisha kwa chekeche wala chujio. Mchanga uliochanganywa na chumvi ni habari nyingine: tia maji, chuja, kausha, kila kimoja unakipata kikiwa na sifa zake zilezile.

Na tutajuaje kwamba kitu ni elementi? Kwa kushindwa kukivunja kikemia kuwa vitu sahili zaidi. Mwaka 1789 Antoine Lavoisier wa Ufaransa alichapisha orodha ya elementi 33, na chokaa ilikuwemo, kwa kuwa wakati huo hakuna aliyeweza kuivunja. Mwenyewe alishuku kwamba ndani yake mlikuwa na metali iliyojificha. Mwaka 1808 Humphry Davy, jijini London, alitumia umeme akaitoa kalsiamu, na chokaa ikafutwa kwenye elementi. Wanafunzi wangu hupenda kusikia habari hii, nami hupenda kuwaambia, kwa sababu inaonyesha kwamba uainishaji wa maada ni kazi ya mikono na majaribio, haukushuka na kitabu.

Sasa twende kwenye tanuri. Mawe hupangwa juu ya magogo, yakachomwa kwa moto mkali sana. Mabadiliko yenyewe yanahitaji joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi. Jiwe linatoka likiwa na umbo lilelile, lakini linyanyue: limekuwa jepesi. Gramu 100 za kalsiamu kabonati zimebaki gramu 56 za kalsiamu oksaidi. Gramu 44 zimeondoka zikiwa kabonidayoksaidi. Mwagia maji yale mawe, yatatokota, yatatoa mvuke na kupasukapasuka mpaka yawe unga mweupe. Zile gramu 56 zimechukua gramu 18 za maji, sasa ni gramu 74 za kalsiamu haidroksaidi, ile chokaa ya dukani. Fundi anaichanganya na mchanga na maji, anapiga lipu. Miezi na miaka inavyokwenda, lipu inavuta kabonidayoksaidi hewani na kuachia maji. Gramu 74 zinapokea gramu 44, zinatoa 18, na tumerudi kwenye gramu 100 za kalsiamu kabonati. Kuta za zamani za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimeshikwa na jiwe lililochomwa likarudi kuwa jiwe.

Kwa hiyo ile kanuni ya wanafunzi, kwamba badiliko la kiumbo linarudi na la kikemia halirudi, naomba muifute. Chokaa imepita mabadiliko matatu ya kikemia na imerudi ilikoanzia. Sahani ya udongo ikianguka ikavunjika hairudi, lakini hilo ni badiliko la kiumbo, maana kila kipande bado ni udongo uleule. Usiulize kama kitu kinarudi. Uliza kama dutu mpya imezaliwa. Dalili zake ni gesi inayotoka, joto linalotokea bila moto, rangi inayogeuka, au chembe ngumu zinazojitokeza kwenye maji yaliyokuwa safi. Dalili moja pekee inaweza kukudanganya, kwa sababu hata maji yakichemka hutoa mapovu na bado ni maji. Tafuta mbili au tatu, kisha jiulize kilichotoka ni nini.

Sasa rudi kwenye sukari ya sufuriani. Rangi imegeuka, harufu ni nyingine, mvuke umetoka, na ladha ina uchungu kidogo. Jibu unalo.

Jaribio la nyumbani ni hili. Tia kijiko cha chokaa kwenye chupa ya maji, funga, tikisa. Maji yatakuwa meupe yasiyopitisha mwanga, na chembe zinaelea. Iache mpaka kesho yake. Unga utakuwa umetuama chini, na juu kutakuwa na maji maangavu. Yanaonekana kama maji matupu, kumbe lita moja ina karibu gramu 1.7 za chokaa iliyoyeyuka. Chumvi ya mezani huyeyuka zaidi ya gramu 350 katika lita moja ya maji, kwa hiyo hapo umekwishajifunza kwamba uwezo wa kuyeyuka ni sifa ya kutofautisha kitu kimoja na kingine kati ya vitu vyeupe vinavyofanana. Mimina polepole yale maji maangavu kwenye glasi, chovya mrija, pulizia. Usivute! Baada ya muda maji yatageuka kuwa kama maziwa: kabonidayoksaidi ya pumzi yako imeikuta chokaa, na kalsiamu kabonati imejitokeza. Joseph Black wa Scotland aliitumia dalili hii hii katika karne ya 18 kuonyesha kwamba gesi inayotoka kwenye jiwe la chokaa imo pia katika pumzi ya binadamu.

Endelea kupulizia kwa muda mrefu, weupe utapungua na maji kuanza kuwa maangavu tena. Yachemshe, weupe utarudi. Wanaoishi kwenye maeneo ya mawe ya chokaa wanaijua hiyo, ni ule utando mgumu mweupe chini ya birika, ambao siki huutoa kwa mapovu.

Jaribio likikataa, kagua mfuko wa chokaa. Ukikaa wazi muda mrefu, chokaa hunyonya kabonidayoksaidi na kugeuka kabonati kabla hujaitumia. Nunua mfuko mpya uliofungwa. Na kwa wazazi na walimu: mtoto avae miwani, na maji ya chokaa yasiguse macho. Mawe yaliyotoka tanurini ambayo hayajamwagiwa maji asiyaguse kabisa, yanaunguza ngozi.

Ukimaliza chokaa, hamia kwenye magadi. Yale ya Ziwa Magadi, Kenya, yana sodiamu kabonati, sodiamu haidrojenikabonati na maji, na yakichomwa hutoa maji na kabonidayoksaidi, ikabaki sodiamu kabonati inayotumika kutengeneza vioo. Nunua bonge moja sokoni, lile la kulainishia maharage. Lipime, liyeyushe kwenye maji ya moto, lichuje kwa kitambaa safi, kausha yaliyobaki kwenye kitambaa na uyapime. Kisha uandike kwa mkono wako: bonge hili ni elementi, kampaundi au mchanganyiko, na nimejuaje?