Kiingereza cha juu chuoni: jibu kwa mdogo wangu wa Sengerema

Mdogo wangu, umeuliza kama mtu aliyesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha akapita shule ya kata, ataweza shahada ya ualimu wa Kiingereza hapa Mwanza. Ataweza. Nimepita njia hiyo hiyo chuoni, upande wa Malimbe, na sasa nafundisha sekondari Ilemela.

Achana kwanza na daftari la misamiati mizito. Wengi huingia chuo wakiamini Kiingereza cha juu ni maneno marefu, wakati mhadhiri anatafuta hoja: imeanzia wapi, imesimama juu ya nini. Mimi nilijinoa kwa mambo ya hapa ziwani. Chukua sangara. Aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, zikatoweka, lakini viwanda vya minofu vikaleta ajira na fedha za kigeni. Je, watu wa ziwani walipata au walipoteza? Andika ukurasa mmoja kwa Kiingereza, utetee upande mmoja, halafu umjibu kwa haki anayekupinga. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo: kukubali sehemu ya hoja ya mwenzako bila kuiachia yako, kutenganisha unachokijua na unachokikisia. Msamiati utautafuta kwa sababu unauhitaji, na huo hausahauliki.

Kwenye sarufi, kinachotutesa zaidi ni "a" na "the", kwa kuwa lugha yetu haina kitu cha namna hiyo. Kukariri kanuni hakutoshi. Nilikuwa nanakili aya ya gazeti la Kiingereza, naziruka "a" na "the" zote, kesho yake nazirudisha kwa akili yangu na kulinganisha na gazeti. Zoezi linachosha kweli, ila hakuna lililonisaidia kama hilo.

Matamshi yasikutishe. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza sanifu cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20, kwa hiyo jifunze mapema alama za matamshi zilizomo kwenye kamusi. Kisha angalia mkazo. Sisi karibu kila neno tunalikazia silabi ya pili kutoka mwisho, wao mkazo unahamahama: "photograph" unakaa mwanzoni, "photographer" unasogea silabi ya pili. Lafudhi yako ya Kisukuma iache kama ilivyo, haina ubaya wowote. Mkazo ndio wa kushughulikia, maana ukikosewa msikilizaji anaweza kulipoteza neno zima.

Vitabu vya fasihi visome vyote hadi mwisho kabla ya semina. Muhtasari wa kununua steshenari hautakusaidia mhadhiri akikuuliza kwa nini mhusika alinyamaza ukurasa fulani.

Chuo hakijafunguliwa, muda unao. Andika hiyo insha ya sangara, uibandike hapa chini. Nitaisoma mstari kwa mstari, na walimu wengine waliomo humu nawaomba waisome pia.