Fundi wa ndege anajibu: "Ndege ina miaka 19 na bawa lina plasta, nipande tena?"

SWALI: Shikamoo fundi. Mwezi uliopita nilisafiri na wanangu kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Tukiwa bado chini joto lilikuwa kali mno, rubani akatangaza kwamba injini ndogo ya mkiani haifanyi kazi ila safari ipo. Kuchungulia dirishani nikaona juu ya bawa kipande cha plasta ya rangi ya fedha. Tulifika salama, lakini mwanangu alitafuta kwenye simu akakuta ndege ile ina miaka 19. Wakala anayenikatia tiketi ananiambia nisipande tena ndege iliyozidi miaka kumi. Nimsikilize? (Mama wa wawili, Mwanza)

JIBU: Marahaba, mama. Poleni kwa joto.

Injini ya mkiani na plasta nitavimaliza haraka. Ile injini hutoa umeme na hewa baridi ndege ikiwa chini, na husaidia kuwasha injini kubwa. Ikigoma, inaletwa mashine ya uwanjani inafanya kazi hiyo. Kila ndege ina orodha iliyoidhinishwa ya vitu ambavyo vikiharibika bado inaruhusiwa kuruka, kwa masharti gani na kwa muda gani: vingine siku 3, vingine 10, vingine 120. Muda ukiisha, kitu kitengenezwe au ndege ilale. Plasta nayo ni mkanda wa alumini uliotengenezwa kwa kazi ya ndege. Unabandikwa pale tu ambapo kitabu cha matengenezo kinaruhusu, kwa mfano rangi ikibanduka au kifuniko kisichobeba mzigo kikichubuka. Fundi anaandika kwenye kitabu cha ndege, anasaini, na mahali pale panarudiwa kukaguliwa.

Ninachotaka kukaa nacho ni hilo la wakala wako, maana nalisikia kila mahali: kwenye teksi, msibani, hata kwa wabunge. "Ndege kuukuu." Watu wameuchukua mwaka wa kutengenezwa wakaufanya kipimo cha usalama, kama wanavyonunua gari la mtumba.

Ndege ya Lion Air iliyoanguka Indonesia Oktoba 2018 na kuua watu 189 ilikuwa na miezi mitatu hivi. Ile ya Ethiopian Airlines iliyoanguka Machi 2019 ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi, ikaua watu 157, Wakenya 32 miongoni mwao, ilikuwa na miezi minne. Januari 2024 ndege ya Alaska Airlines ilipasuka ubavu hewani, kipande kinachoziba nafasi ya mlango kikachomoka. Ilikuwa na miezi miwili, bado inanukia kiwanda. Kile kipande kilifunguliwa kiwandani ili mafundi watengeneze ribiti jirani yake, kikarudishwa bila boliti zake nne, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba kiliwahi kufunguliwa. Aliyekuja nyuma angejuaje kwamba kuna kitu cha kukagua?

Hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo, mama: kilichofanywa, aliyekifanya, kipuri kilikotoka, na maandishi ya kuthibitisha yote hayo.

Chukua mkanda huohuo uliokutisha. Oktoba 1996 ndege ya Aeroperú ilipaa usiku kutoka Lima ikiwa na watu 70. Wakati wa kuisafisha, mfanyakazi alikuwa amebandika mkanda juu ya vitundu vidogo vya ubavuni vinavyopima mgandamizo wa hewa, ili maji yasiingie. Ukasahaulika pale. Bila vitundu hivyo vyombo vya rubani vilisema uongo kuhusu kimo na mwendo, na ndege ikaingia baharini na watu wote. Ule haukuwa mkanda wa matengenezo wenye saini na tarehe. Kwa macho ya abiria ule na huu wako ni plasta tu, na ndiyo maana picha za bawa zinazozungushwa kwenye WhatsApp na kuchambuliwa na watu wasiowahi kushika spana hazina maana yoyote kwangu.

Sisemi umri haufanyi kitu. Unahesabika, ila hauhesabiki kwa miaka peke yake. Bodi ya ndege inavimba kidogo kila inapopaa na kusinyaa inaposhuka, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi, na chuma huchoka kwa idadi ya pumzi hizo. Aprili 1988, kule Hawaii, ndege ya Aloha Airlines ilipoteza kipande kikubwa cha paa ikiwa hewani, na mhudumu mmoja akafariki. Ilikuwa na miaka 19 kama hiyo yako, lakini ilikuwa imesharuka karibu mara 90,000, safari fupifupi kati ya visiwa, kwenye hewa ya chumvi. Baada ya ajali ile ukaguzi wa ndege zilizoruka sana ulibadilishwa dunia nzima. Ndege ya abiria hufika siku ikavuliwa viti, ikang'olewa sakafu na mbao za ndani, ikabaki mifupa, tukapita na taa tukitafuta ufa na kutu. Kwa kawaida kutu tunaikuta chini ya jiko na chini ya choo, mahali ambapo maji na chai humwagika miaka nenda rudi. Ndege ya miaka 19 iliyofanyiwa kazi hiyo kwa uaminifu, mimi naipanda na familia yangu.

Ninayoikataa ni ndege iliyosainiwa kwa haraka.

Usiku mmoja nikiwa zamu nililetewa pampu ya haidroliki, ile inayosukuma mafuta ya kuendeshea mitambo ya ndege, niifunge kwenye ndege. Sanduku safi, karatasi zina mihuri. Nilipofuta grisi kwa kitambaa na kumulika kibao cha namba, namba kwenye chuma iliishia na 1, ya kwenye karatasi ikaishia na 7. Bosi akaniambia kwa simu kwamba ni kosa la mchapaji, nifunge nisaini, abiria wa asubuhi wanasubiri. Nikakataa. Ndege ikalala, na kulipokucha nikarekodiwa na abiria wakinitukana kuwa sijui kazi. Hadi leo aliyeiuza hajaweza kuonyesha pampu ile ilitoka kwenye ndege gani.

Hiyo si hadithi ya kwetu peke yetu. Mwaka 2023 iligundulika kwamba kampuni moja ya Uingereza, AOG Technics, ilikuwa imeuza maelfu ya vipuri vya injini kwa karatasi za kughushi. Mashirika makubwa ya Marekani na Ulaya yakalazimika kusimamisha ndege na kuvitoa. Na tulishaonywa mapema: Septemba 1989 ndege ya Partnair ya Norway ilivunjikia hewani karibu na Denmark, watu 55 wakafa, na wachunguzi wakakuta boliti bandia kwenye mkia.

Sasa nije nyumbani, maana najua ndiko mjadala uliko. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliizuia Air Tanzania kuruka kwao, na Juni 2025 ukazuia mashirika yote yaliyopewa vibali Tanzania. Mitaani ikawa hoja ya ndege mbovu. Air Tanzania ina ndege nyingi changa kuliko mashirika mengi ya bara hili! Kilicholalamikiwa ni usimamizi: wakaguzi wenye sifa hawatoshi, na ufuatiliaji wa urukaji na wa matengenezo haukidhi viwango vya kimataifa. Kununua ndege mpya hakuponyi hilo. Anayetaka kubishana na serikali abishane juu ya idadi ya wakaguzi, mishahara yao, na kama mkaguzi anaweza kuisimamisha ndege bila kupigiwa simu na mkubwa. Na abiria anayempigia fundi kelele getini ajue kwamba naye anaongeza mkono kwenye ile simu niliyopigiwa usiku.

Kwa hiyo wakala usimsikilize. Ila nikuulize, mama: ulipoiona ile plasta, ulimwambia mhudumu? Ile ndege ya Hawaii, abiria mmoja alieleza baadaye kwamba aliuona ufa kwenye bodi wakati akipanda. Hakumwambia mtu, akaenda kukaa kwenye kiti chake. Safari ijayo ukiona kitu kinachokutia shaka, mwambie mhudumu kabla mlango haujafungwa, naye amfikishie rubani. Rubani ana kitabu cha ndege hapo mbele. Akifungua atakuta mkanda huo umeandikwa lini na nani, na asipokuta ataniita mimi.