Mtungi wa akiba usiulaze uvunguni

Ndugu yangu umeuliza kama mtungi wa akiba wa gesi ya kupikia unaweza kuulaza uvunguni mwa kitanda kwa vile jikoni pamebana, hapana aisee, utoe leo leo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu kama moshi, inatambaa sakafuni inajikusanya kwenye kona, na wewe ndo umelala hapo hapo. Halafu mtungi unasimamishwa wima, ukiulaza valvu ya usalama (ile inayotoa gesi presha ikizidi) inakutana na gesi ya kimiminika iliyo chini badala ya mvuke wa juu, na kimiminika kikitoka kinageuka mvuke na kutanuka zaidi ya mara 200. Weka nje penye kivuli na hewa, mbali na mtaro.

Na hiyo harufu unayosema unaisikia usiku usiichukulie poa, gesi yenyewe haina harufu, ile inatiwa makusudi ili ushtuke. Paka povu la sabuni kwenye regulata na mpira, mapovu yakivimba ndo panapovuja, sio kupima na kiberiti (nimeshamwona mtu mzima akifanya hivyo, nilitoka mbio). Harufu ikiwa kali usiguse swichi hata ya kuzima taa, funga gesi, fungua madirisha, tokeni wote.