Je, Ofisa wa Huelva Aliuawa na Majasusi?

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa Mwaloni, Kirumba, tumebishana kuhusu maiti ya ofisa wa Kiingereza iliyookotwa baharini huko Hispania wakati wa Vita Kuu ya Pili ikiwa na barua za siri. Mwenzangu anasema Waingereza walimuua baharia wao wenyewe ili kuwahadaa Wajerumani. Sisi watu wa ziwani tunaijua maiti ya mtu aliyekufa maji. Ilikuwaje daktari asigundue? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Ndugu msomaji, mtu huyo hakuuawa na majasusi, wala hakuwa baharia. Jina lake lilikuwa Glyndwr Michael, maskini wa Wales asiye na makazi, ambaye alifariki London mwezi Januari 1943 baada ya kula sumu ya panya. Ofisa wa jeshi la majini, Ewen Montagu, na mwenzake wa jeshi la anga, Charles Cholmondeley, waliitwaa maiti yake kwa siri, wakaivika sare, wakaipa jina la Meja William Martin na kuifungia mkoba wenye barua za kughushi zilizodokeza kwamba mashambulizi yangeelekezwa Ugiriki na Sardinia, ilhali shabaha ya kweli ilikuwa Sicily, kisiwa cha Italia. Mifukoni walitia barua za mapenzi, picha ya mchumba na vipande vya tiketi za tamthilia, kwa kuwa mtu asiye na takataka za maisha mfukoni hutiliwa shaka upesi.

Kuhusu daktari, shaka yenu ni ya haki, na hata wapangaji wenyewe iliwasumbua. Maiti ilikuwa imekaa mochwari miezi mitatu kabla ya nyambizi Seraph kuishusha majini karibu na Huelva, mji wa pwani ya kusini ya Hispania, alfajiri ya tarehe 30 Aprili, ikiwa imesafirishwa katika mtungi uliotiwa barafu kavu. Mtaalamu wa uchunguzi wa maiti, Bernard Spilsbury, alikuwa amewaeleza kwamba anayeanguka na ndege baharini si lazima afe kwa kunywa maji: anaweza kufa kwa mshtuko au kwa baridi, na hivyo mapafu yake yasioneshe dalili ambazo wavuvi wangezitarajia. Sumu nayo ilikuwa kidogo mno kugundulika kwa urahisi baada ya muda huo. Isitoshe, siku ya uchunguzi kulikuwa na joto, maiti ilikuwa imeanza kuharibika, na mwakilishi wa Uingereza aliyekuwapo hakuwa na haja ya kuona kazi hiyo ikirefushwa. Daktari akaandika kwamba alikufa maji.

Barua ziliwafikia Wajerumani kupitia Wahispania, nao wakaziamini kiasi cha kuhamisha kikosi cha vifaru kutoka Ufaransa hadi Ugiriki. Tarehe 10 Julai majeshi ya Washirika yakashuka Sicily.

Kwa maoni yangu, kama lipo kosa la kulaumiwa, ni lile la kumzika mtu kwa jina la uongo na kuliacha hivyo kwa zaidi ya miaka hamsini, hata baada ya vita kwisha. Mwanza inaelewa uzito wa jambo hili, maana waliozikwa Igoma baada ya ajali ya MV Bukoba mwaka 1996 wamo wasiotambuliwa. Huko Huelva jina la kweli liliongezwa kwenye kaburi mwaka 1998.

Huenda mwenzako amesikia pia dai kwamba maiti ile ilikuwa ya baharia wa meli Dasher, iliyolipuka katika maji ya Scotland tarehe 27 Machi 1943 na kuua watu 379. Dai hilo lina watetezi wake, lakini halinishawishi, kwa sababu nyaraka za serikali ya Uingereza zinamtaja Michael, na asiyekubaliana nazo anapaswa kutuonesha ushahidi ulio na nguvu kuzipita.